Waheshimiwa Kwenye Kiti cha Dada Poda

Kazini walimwita Dada Poda, na jina hilo lilikuwa limemganda hata mtu akimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake alikawia kuitika. Kazi yake ilikuwa kuwapaka watu poda kabla hawajatokea kwenye runinga. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, kimepakana na choo cha wageni, hakina dirisha. Mlikuwa na kioo kirefu kilichozungukwa na balbu, kiti kama cha kinyozi kinachopanda na kushuka, kochi la wanaosubiri zamu, na feni iliyokuwa ikizunguka huku inalalamika kama mgonjwa.

Mtu akishakaa chini ya balbu zile, cheo chake hubaki mlangoni. Dada Poda aliwajua wenye chunusi, wanaopaka mvi dawa, na wanaokuja asubuhi wakinuka pombe ya jana halafu wanaenda kuwahubiria watu maadili. Lakini hakuwa mmbeya. Alipaka, alipangusa, alisema "Haya, tayari," na yaliyosemwa kwenye kiti yaliishia kwenye kiti. "Waziri na mwizi wote hutoka jasho puani," aliwahi kumwambia mwenzake, na hapo ndipo siasa yake ilipoanzia na kukomea. Kupiga kura alipiga, kisha akarudi nyumbani kufua.

Ndoa yake ilikuwa imekwisha kimya kimya miaka ya nyuma, bila mtoto wala ugomvi, na familia iliyobaki ilikuwa nyumba ya mdogo wake. Huyo walimwita Breki. Alikuwa dereva katika ubalozi wa nchi moja kubwa, na jina alilipata kwa sababu ya uendeshaji wake: taa ikiwa ya njano yeye husimama, kuku akiwa bado yuko ng'ambo ya barabara yeye hupunguza mwendo. Abiria wake walichelewa lakini walifika. Aliishi na mkewe, Mama Pacha, mapacha wao wawili wa kike waliokuwa shule ya msingi, na mama mzazi wa Breki na Dada Poda, katika nyumba ya kupanga iliyo nyuma ya safu ya maduka. Kila Jumapili Dada Poda alikwenda kula huko, na kila Jumapili Breki alimsindikiza hadi barabarani akimhimiza aolewe tena. "Na wewe ukinitafutia mume," Dada Poda humjibu, "mwambie aendeshe kwa kasi kidogo, mimi sina muda wa kusubiri."

Siku ubalozi uliposhambuliwa, Dada Poda alikuwa anampaka mtangazaji wa hali ya hewa. Walisikia watu wanakimbia koridoni. Akafungua mlango, akamwona mtayarishaji wa vipindi, kijibwana kifupi chenye sauti kubwa, amenyanyua simu juu kama kikombe cha ushindi. "Tuko wa kwanza!" anapiga kelele. "Picha tunazo sisi tu! Tuko wa kwanza!" Kwenye runinga ya koridoni ukuta mweupe wa ubalozi ulikuwa unatoa moshi. Watu wenye bunduki walikuwa wameingia asubuhi ile, wakapiga risasi walinzi, wakapiga risasi watu waliopanga foleni ya kuomba viza, wakaingia ndani.

Dada Poda alimpigia mdogo wake. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita. Mpaka adhuhuri bado ilikuwa inaita. Jioni ikazimika.

Walimkuta chumba cha maiti. Mama hakuingia; aliketi nje kwenye benchi, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili kama mtu anayesubiri basi. Mama Pacha alifika mlangoni, akageuka akarudi kuketi naye. Kwa hiyo aliyeingia ni Dada Poda. Mhudumu alifunua shuka, na yeye akaitazama ile sura ya mtoto aliyembeba mgongoni utotoni, ina vumbi la saruji hadi kwenye kope. Aliomba maji na kitambaa. Mhudumu akataka kumwambia kwamba si utaratibu, akamtazama usoni, akaenda kuleta. Dada Poda akampangusa mdogo wake kuanzia paji la uso kushuka chini, polepole, kama afanyavyo kila siku kwa watu wasiomhusu.

Baada ya mazishi, ndipo siasa ilipobisha hodi.

Aliyeanza kuja ni Mbunge, mtu wa upinzani, mrefu, mwenye sauti nzito inayofanya hata salamu ionekane hotuba. Alifika msibani na gari tatu na watu wa kamera. Akavua viatu mlangoni, akaingia, akapiga magoti mbele ya Mama, akamkumbatia. "Huyu ni mama yangu," aliwatangazia waliokuwemo. "Kuanzia leo, huyu ni mama yangu mzazi." Watu wengine wakatokwa na machozi. Mbunge akanyanyuka, akawa anatoka, na mpiga picha akamfuata akimnong'oneza, lakini sebule ile ilikuwa ndogo na kila mtu alisikia.

"Samahani, Mheshimiwa. Kamera haikushika."

Mbunge akarudi. Akapiga magoti pale pale, akamkumbatia Mama kwa mara ya pili, akasema maneno yale yale kwa sauti ile ile, hata pale alipokuwa amemeza mate akameza tena.

Alipoondoka Mama akageuka kumuuliza binti yake, "Alikuwa amesahau nini?"

Dada Poda akatoka uani akatema mate. Yalikuwa mate tu, lakini ladha yake ilikuwa chungu.

Madai ya Mbunge yalikuwa na ukweli ndani yake, na hilo ndilo lililoiponza familia. Alisema kwamba wiki ile ile ya shambulio polisi wengi wa lango la ubalozi walikuwa wameondolewa, wakapelekwa kulinda mkutano wa chama tawala. Walioishi mtaa ule walikuwa wameliona jambo hilo kwa macho yao. Uchaguzi ulikuwa unakuja, na kila siku Mbunge alilisema bungeni, redioni, na barabarani juu ya gari lenye vipaza sauti. Kisha akamtaka Mama Pacha apande jukwaani.

"Wifi, usiende," Dada Poda alimwambia. Walikuwa jikoni, Mama Pacha anapiga pasi gauni lake jeusi. "Hawa watakufanya leso. Wakishajipangusa wanakutupa."

"Na nikikaa hapa nyumbani, wifi, nitakuwa nani?" Mama Pacha hakuinua macho kwenye pasi. "Nimekwenda polisi, wameniambia nisubiri. Nimekwenda ubalozini, umefungwa. Serikali haijaleta hata mtu mmoja kuniuliza watoto wamekula nini. Huyu angalau amekuja."

"Amekuja na kamera."

"Basi na aje na ngoma akitaka. Mimi nataka mtu aseme nani kamuua mume wangu."

Mama Pacha akaenda, akapandishwa jukwaani, akapewa kipaza sauti, akasema sentensi moja na nusu, akalia. Uwanja mzima ukaguna. Picha yake akilia ikabandikwa kwenye nguzo za umeme, na chini yake, kwa herufi nyekundu, jina la chama.

Serikali nayo haikulala. Jibu lilitoka kwa Naibu Waziri, mtu mnene wa ngozi laini, mcheshi, ambaye Dada Poda alikuwa amempaka mara nyingi na ambaye kila mara aliomba apunguziwe mashavu kwa poda. Alisimama mbele ya waandishi wa habari, akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema polisi wa langoni hawakuwa na kosa lolote. Adui alifunguliwa lango kutoka ndani. "Waswahili walisema kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Taarifa za awali zinaonyesha kuna mfanyakazi wa ubalozi aliyeshirikiana na wauaji." Wakamuuliza ni nani. Akasitasita kidogo, kama mtu anayebanwa na dhamiri, halafu akasema: dereva.

Siku iliyofuata wanaume waliovaa kiraia waliingia nyumbani kwa Mama Pacha, wakapindua magodoro, wakachana mto wa Mama, wakaondoka bila kusema wanatafuta nini. Muuza duka wa mbele, aliyekuwa akimkopesha Breki sukari na kumwita shemeji, akaanza kuangalia pembeni. Shuleni mapacha waliambiwa baba yao ni msaliti. Mmoja alipigana, mwingine akanyamaza, na huyo aliyenyamaza ndiye aliyemtia bibi yake hofu.

Na Mbunge? Simu yake ikawa haishikiki. Zile picha za kwenye nguzo zikabanduliwa haraka kuliko zilivyobandikwa. Mama Pacha alimsikia redioni, wala hakuamini masikio yake, akisema chama chake hakijawahi kumtetea mtu yeyote mwenye kushukiwa, na kama familia ya dereva ina la kujibu, basi nayo ijibu.

"Mama yake mzazi tena," alisema Mama, akicheka kicheko kikavu. "Mtoto huyu nilimzaa vibaya."

Kazini hakuna aliyejua kwamba ni dada wa dereva. Dada Poda alipoomba ruhusa ya msiba alisema amefiwa na ndugu, mkubwa wake akasema "pole sana" huku anaandika ujumbe kwenye simu, na hakuna aliyemuuliza ni ndugu gani. Alirudi kazini kwa sababu sasa ile nyumba ya nyuma ya maduka ilikula kutokana na mkono wake. Akaendelea kupaka. Aliwapaka wachambuzi wa usalama waliokuwa wanamchambua mdogo wake, na mmoja wao aliomba apakwe vizuri chini ya macho kwa sababu "hii kesi ya dereva imenikosesha usingizi."

Hatimaye kituo kikatangaza mdahalo wa asubuhi: Naibu Waziri na Mbunge, uso kwa uso. Walitangaza juma zima, na muziki wa vita nyuma yake.

Asubuhi hiyo Naibu Waziri aliingia kwanza, akajitupa kwenye kiti, akafumba macho. "Dada Poda, nipunguzie mashavu leo. Adui yangu ni mwembamba." Dada Poda akamfunga taulo shingoni, akaanza na sponji. Mlango ukafunguliwa, akaingia Mbunge na kikombe cha chai na sahani ya biskuti za wageni; hakumtambua, maana msibani macho yake yalikuwa kwa Mama na kamera tu. Dada Poda alikaza mgongo, akisubiri makelele. Alidhani pengine watakataa kukaa chumba kimoja.

"Wewe mnyama!" Mbunge alisema kwa furaha.

"Ndugu yangu!" Naibu Waziri akajibu, akatoa mkono chini ya taulo wakapigana viganja. "Mama watoto hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu. Anasema umenenepa." Mbunge akajilaza kwenye kochi, akachovya biskuti kwenye chai. "Ila juzi bungeni nilikubana."

"Ulinibana kweli. Yale mambo ya polisi ungeyaendeleza wiki moja nyingine, mimi leo nisingekuwa na ofisi."

"Halafu ukaja na dereva. Nikasema, khaa, huyu jamaa! Nani alikupa hiyo?"

Naibu Waziri alitabasamu, macho bado amefumba. "Hakuna aliyenipa. Ilinijia nikiwa bafuni, naoga. Nikajiuliza, nikisema mlinzi, walinzi wana chama chao, wataandamana. Nikisema mmoja wa wale wageni, wana serikali yao. Sasa dereva... dereva ana nani?"

"Maiti haina wakili," Mbunge alisema, kinywa kimejaa biskuti.

Wakacheka. Kicheko chenyewe hakikuwa cha ubaya, na hilo ndilo Dada Poda aliloshindwa kulisahau baadaye: walicheka vizuri, kama watu wanaokumbushana vituko vya shule. Makombo ya biskuti yalimwangukia Mbunge kwenye tai, akayapukuta. Chini ya sponji yake Dada Poda alihisi mashavu ya Naibu Waziri yakitikisika, laini, yenye joto na unyevu, na kichefuchefu kikampanda mkononi kwanza kabla ya tumboni, kana kwamba kiganja chenyewe ndicho kilichoonja. Watu husema fahali wawili wakipigana huumia nyasi. Fahali hawa hawakuwa wanapigana hata kidogo. Walikuwa wanakula nyasi pamoja.

Akaiondoa sponji usoni pake.

"Ana dada," alisema.

"Eti?" Naibu Waziri akafumbua macho.

"Umeuliza dereva ana nani. Ana dada. Tumetoka tumbo moja. Ana mke, ana watoto wawili ambao shuleni wanatupiwa mawe kwa maneno uliyoyaokota bafuni. Na ana mama." Akamgeukia Mbunge. "Mama unamjua. Ulimkumbatia mara mbili."

Feni ikalalamika. Mbunge akaweka kikombe chini, taratibu. Naibu Waziri ndiye aliyepata sauti kwanza, na sauti ilikuwa imejaa asali.

"Dada yangu. Pole sana. Kwa nini hukutuambia mapema?"

"Ningewaambia mapema mngetafuta maiti nyingine?"

"Unajua, siasa ina maneno yake. Usiyachukulie moyoni."

"Basi kayasafishe. Sasa hivi mnakwenda hewani. Sema ulikosea, hujui nani alifungua lango. Neno moja tu."

Naibu Waziri akatazama nusu ya uso wake iliyopakwa, akatazama nusu isiyopakwa. "Mambo ya usalama wa taifa ni mazito, dada. Hayasemwi hovyo. Lakini njoo ofisini kwangu, mimi mwenyewe nitakupokea." Mbunge akadakia, "Na mimi nitafuatilia. Kwa karibu." Wakaitana kwa macho, wakatoka, na koridoni akawasikia wanashusha sauti. Naibu Waziri aliondoka na shavu moja limepungua na jingine la kwake la kuzaliwa.

Dada Poda alinawa mikono. Akanawa tena kwa sabuni ya maji, hadi viwiko, na bado alikuwa anawanusa: poda, chai, biskuti. Studioni mdahalo ukaanza. Kwenye runinga ya koridoni aliwaona wale wanaume wawili wakinyosheana vidole, mishipa ya shingo imewatoka. "Damu iko mikononi mwenu!" Mbunge ananguruma. "Mnatetea wasaliti!" Naibu Waziri anajibu kwa kupiga meza. Wafanyakazi wenzake wamesimama chini ya runinga ile wanashangilia, huyu upande huu, yule upande ule.

Wakati wa matangazo ya biashara mtayarishaji alitoa kichwa mlangoni. "Dada Poda! Naibu anang'aa kama kikaango. Kampanguse, haraka!"

Akachukua sponji akaingia. Studio ilikuwa ya baridi, taa kali, nyaya zimetapakaa sakafuni. Naibu Waziri alipomwona akaurudisha mgongo kitini. Dada Poda alisimama kati yao, mbele ya meza, na hakumgusa mtu. Mtu wa kamera akaanza kuhesabu kwa vidole. Mtangazaji wa mdahalo akamnong'oneza, "Toka, dada, tunarudi hewani." Hakutoka. Taa nyekundu ikawaka.

"Mimi ni dada wa yule dereva," alisema, akiitazama kamera. Hakupaza sauti. "Hawa wawili sasa hivi walikuwa chumbani kwangu wanacheka. Huyu amesema habari ya mdogo wangu kufungua lango aliitunga bafuni. Na huyu akasema maiti haina wakili. Wamekula biskuti, wamecheka. Waulizeni."

Hapo picha ikakatwa, likatokea tangazo la sabuni ya kufulia.

Walinzi walimtoa kwa mkono, bila kumvuta sana, maana walikuwa wanamjua. Mkubwa wake alimfukuza kazi koridoni pale pale. Mtayarishaji alikuwa amejishika kichwa, lakini jioni alikuwa ameacha kulia: maneno yale machache yalikuwa yamerekodiwa na watu majumbani na kusambaa kwenye simu, na jina la kituo lilikuwa linaonekana vizuri kwenye kona.

Dada Poda alidhani amelimaliza. Alikuwa hajawajua.

Kesho yake ofisi ya Naibu Waziri ilitoa taarifa ya upole. Ilisema dada huyo ana majonzi makubwa, akili yake imechoka, na serikali inamtakia matibabu mema. Hilo alilitarajia. Ambalo hakulitarajia lilitoka kwa Mbunge. Huyo aliitisha waandishi wa habari, akasimama mbele yao macho yana machozi, akasema yule dada ni shujaa wa taifa, na kwamba ni yeye Mbunge aliyemsihi, kwenye chumba cha vipodozi, asiogope, aseme ukweli. Kuhusu maiti na wakili alisema, "Nililisema kwa uchungu, na yule mwovu akacheka." Jioni gari lake la vipaza sauti likapita nyuma ya maduka likiita jina la Dada Poda, jina lake halisi, lile analokawia kuitika.

Dada Poda alikuwa kwa wifi yake; akafunga dirisha. Kisha akakimbilia chooni, na safari hii hayakuwa mate tu. Mama Pacha alimfuata, akamshika kichwa.

"Hata maneno yangu, wifi," Dada Poda alisema akipumua kwa shida. "Hata haya wameyala."

"Nilikuwa nimekwambia nini mie?" Mama Pacha akamjibu, kisha akakumbuka kwamba aliyemwonya mwenzake ni Dada Poda mwenyewe, na wote wawili, pale sakafuni mwa choo, wakashikwa na kicheko kibaya kilichowatoa machozi. Wajumbe wa Mbunge walipobisha hodi kumwalika jukwaani, Mama ndiye aliyewafungulia. "Mwambieni mwanangu," alisema, "mama yake amehama."

Lakini maneno yakishatoka hayachagui pa kufika. Jumapili moja mwanamume mwembamba, mkono mmoja umefungwa bandeji, alisimama uani akiwa na kofia mkononi. Alikuwa mpishi wa ubalozi. Alikuwa kijijini kwao tangu atoke hospitali, akiogopa hata kivuli chake, hadi binamu yake alipomwonyesha zile picha kwenye simu.

"Nimeona aibu," alisema. "Mwanamke anasimama mbele ya wakubwa, na mimi niliyekuwepo nimejificha kwa shangazi yangu."

Wakamkalisha. Akawaeleza, maneno machache, macho chini. Hakuna aliyefungua lango kubwa. Wauaji walilivunja kwa lori. Milio ilipoanza Breki alikuwa uwanjani anaosha gari, karibu na mlango mdogo wa nyuma, ule wa kupitishia takataka. Angeweza kutoka wa kwanza. Aliufungua, akasimama hapo, akawa anawasukuma watu nje mmoja mmoja: wafagizi, karani mjamzito, watu wa foleni waliokimbilia ndani. "Mimi nilikuwa wa mwisho," Mpishi alisema. "Nilimwambia twende. Akasema kuna mtu bado anapiga kelele stoo. Akarudi. Sikumwona tena."

Mama alikuwa amesikiliza bila kupepesa. "Alikwenda mbio au alikwenda taratibu?" aliuliza.

Mpishi akafikiri. "Mbio, mama. Mbio sana."

Mama akatikisa kichwa, akajifunika uso kwa upande wa kanga, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alilia kwa sauti. Mapacha walikaa mbele ya Mpishi, wakamtaka aanze tena mwanzo.

Mpishi aliyasema hayo hayo mbele ya tume ya uchunguzi. Tume ilikaa muda mrefu, uchaguzi ukapita, na ilipotoa neno lake watu walikuwa wameshahamia kwenye ugomvi mwingine. Dereva hakuhusika; hilo lilisomwa kwa haraka, baada ya michezo na kabla ya hali ya hewa. Naibu Waziri hakumwomba mtu radhi, maana alikuwa amekuwa Waziri kamili. Mbunge alirudi bungeni kwa kura nyingi. Muuza duka alimletea Mama Pacha mfuko wa sukari. Akaupokea, akafunga mlango. Dada Poda alipanga kibanda karibu na soko, akawa anapaka maharusi na wahitimu, watu wanaocheka kwa sababu wana furaha.

Mwaka uliofuata serikali ilijenga ukuta wa kumbukumbu mbele ya ubalozi, na majina ya waliokufa yakachongwa juu yake. Familia zilialikwa kwenye uzinduzi. Waziri na Mbunge walikata utepe pamoja, mkono mmoja juu ya mwingine, wakahubiri umoja. Dada Poda na watu wake hawakwenda. Walikwenda kesho yake asubuhi, Mama akiwa amevaa viatu vyake vizuri.

Wageni walikuwa wameacha chupa za maji, masanduku ya vyakula yaliyofunguka, bendera ndogo za karatasi za vyama vyote viwili zimekanyagwa kwenye tope. Mbwa alikuwa analamba mfupa chini ya ukuta. Na kwenye kona, upande wa kivuli, madereva wa misafara walikuwa wamejisaidia, mkojo ukachora mstari hadi kwenye jiwe.

Mama Pacha alipata jina, akawaonyesha wanawe. Mama akalipapasa kwa kidole, herufi moja baada ya nyingine, mpaka mwisho.

"Wamelichonga vizuri," alisema.

"Wamelichonga vizuri, Mama," Dada Poda akaitikia.

Mama akavuta pumzi, akakunja pua, akamshika binti yake mkono. "Haya, twende nyumbani. Hapa pananuka."